Redio ya Upepo: Nani Atabaki Nyumbani Kusikiliza?



Wapendwa waamini, juma hili tunaomba tuziache kidogo mada zetu za kawaida, tuzungumzie jambo lililozua mjadala mkali katika Halmashauri ya Walei ya parokia. Limeletwa pendekezo la kununua redio za upepo: moja ikae nyumba ya mapadre, moja zahanati, nyingine zifungwe katika gari la parokia na katika magari ya waamini wachache waliojitolea kubeba wagonjwa. Baadhi ya wajumbe wamelipokea kwa furaha kubwa. Wengine wamecheka, wakauliza ni nani katika zama hizi za simu ya mkononi ambaye bado anabonyeza kitufe na kusema “ova”. Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji asihangaike kuutafuta: tunaliunga mkono pendekezo hilo, lakini kwa sharti moja zito, na sharti lenyewe si la fedha.

Tuanze na kifaa chenyewe, maana wengi waliopiga kura hawajawahi kukishika. Redio inayozungumzwa hapa si ile ya kusikilizia taarifa ya habari. Ni redio inayopokea na kurusha sauti, ndogo kiasi kwamba haizidi sana ukubwa wa Misale ya Waumini, yenye kipaza sauti kinachoning'inia kwa waya wa msokoto. Ndani ya gari hufungwa chini ya dashibodi na hula umeme wa betri ya gari. Redio hiyo hiyo yaweza kuwekwa mezani nyumbani, ikapewa betri ya volti 12 inayochajiwa kwa sola, na antena yake ikasimamishwa juu ya mlingoti nje. Ndiyo maana wajumbe waliipenda: kifaa ni kimoja, fundi ni mmoja, na vipuri ni vile vile.

Wazee wetu hawahitaji kuelezwa. Kabla simu za mkononi hazijaenea mikoani mwanzoni mwa miaka ya 2000, redio ya upepo ilikuwa kitu cha kawaida katika misheni nyingi za Tanzania. Shirika la AMREF, lililoanzishwa Nairobi mwaka 1957 na kujulikana kwa madaktari wake wa ndege, lilijenga mtandao wa redio ulioziunganisha hospitali za mbali za Afrika Mashariki, zikiwemo za misheni. Muuguzi aliyekuwa peke yake porini aliweza kueleza dalili za mgonjwa na kupewa ushauri na daktari aliye mamia ya kilometa mbali naye. Mtandao wa namna hiyo uliendeshwa kwa saa maalumu: asubuhi saa fulani kila kituo kiko hewani, jioni vivyo hivyo, na kituo kisichojibu kiliulizwa hali. Tuzikumbuke hizo saa maalumu, kwani tutazirudia.

Kanisa lenyewe halikuchelewa katika jambo hili. Redio Vatikani ilizinduliwa tarehe 12 Februari 1931, na aliyeijenga kwa ombi la Papa Pius XI ni Guglielmo Marconi. Kisichojulikana na wengi ni kwamba miaka miwili baadaye, Februari 1933, Marconi huyo huyo alimfungia Baba Mtakatifu chombo kingine cha mawimbi mafupi sana, kilichounganisha Vatikani na makazi ya kipapa ya Castel Gandolfo, kwa mazungumzo ya pande mbili. Nyumba mbili, mwenye nyumba mmoja, na umbali wa takribani kilometa 20. Kwa hiyo anayedhani kwamba redio ya nyumbani ni mambo ya askari wa doria peke yao, amechelewa kwa miaka zaidi ya 90. Tumtaje pia Mtakatifu Maximilian Kolbe wa Poland, aliyeanzisha kituo cha redio katika utawa wake wa Niepokalanów mwaka 1938, kikitambulika hewani kwa alama SP3RN. Alikufa Auschwitz tarehe 14 Agosti 1941, akiwa amejitoa badala ya mwanamume mwenye mke na watoto. Wapenzi wa redio katika nchi nyingi humwona kuwa msimamizi wao.

Sasa turudi kwetu. Hoja ya simu ya mkononi ni hoja nzito na hatupaswi kuibeza. Mkoa wa Mara una minara mingi leo. Tangu Aprili 2022 upo mfumo wa kitaifa wa m-mama, ambapo kwa kupiga namba 115 bila malipo, mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga aliye katika hatari hutafutiwa usafiri wa kumfikisha hospitali. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo apige 115 kwanza, kabla ya kumtafuta padre, katekista au mtu mwingine yeyote. Redio haiji kuchukua nafasi ya huduma hiyo.

Lakini ninyi mnaokaa kwenye vigango vya nyuma ya vilima vya Butiama, na ninyi mnaopakana na hifadhi upande wa Bunda, mnazijua zile sehemu ambako simu hushikwa juu mkono ukinyoshwa kama mtu anayeapa. Mnajua mnara unaonyamaza umeme ukikatika kwa muda mrefu. Mnajua pia kasoro ambayo si ya mnara wala ya kampuni: simu humpata mtu mmoja tu, tena kama ameiwasha, ina chaji, na hakuiacha kwenye koti. Mwenye shida usiku hupiga namba moja, haipatikani. Hupiga ya pili, inaita bila jibu. Ya tatu, salio limekwisha. Redio hufanya kazi kinyume na hivyo. Anayebonyeza kitufe husikika na wote walio kwenye chaneli hiyo kwa mara moja, na wa karibu zaidi ndiye anayeinuka.

Kwa watu wa Mara hilo si jambo geni. Yowe ndilo lililokuwa redio ya upepo ya babu zetu. Lilipigwa mji mmoja, likadakwa na mji wa pili, likafika ng'ambo ya mto kabla mtu hajamaliza kufunga viatu. Na yowe lilikuwa na sheria: aliyelisikia akabaki amelala alikuwa na la kujibu kesho yake mbele ya wazee.

Katika vijiji vya Bunda vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, tembo huingia mashambani usiku na mazao ya mwaka huisha kabla ya mapambazuko. Kinachowaua watu mara nyingi ni kukutana na tembo ghafla gizani, kwenye njia ya kawaida, bila kujua kwamba wako hapo. Walinzi wawili wa mashamba wenye redio za mkononi, mmoja juu ya kichuguu na mwingine upande wa korongo, wanaweza kuonyana na kuwaonya wapitanjia bila kukimbia huku na huku. Wanaweza pia kumfikishia taarifa aliye kwenye redio ya nyumbani, naye akawapigia askari wa wanyamapori kwa simu. Hapa redio na simu hufanya kazi pamoja, na tunapenda mpango wowote uelekee huko.

Kwa upande wa ziwa tuwe na kiasi. Baadhi ya wajumbe walisimama wakataja MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996 na MV Nyerere iliyopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, kana kwamba redio ingezuia misiba ile. Redio haipunguzi abiria. Vyombo vyote viwili vilibeba watu kupita uwezo wake, na dawa ya hilo ni mtu wa kusema “hapana” gatini. Mvuvi wa Majita aliyekwama na injini iliyozimika ana haja tofauti, nayo ni kusikiwa na aliye nchi kavu. Kwa huyo redio isiyopenya maji, ikiwa na betri iliyojaa, ni kitu cha maana sana.

Tukubaliane sasa juu ya uwezo wa kifaa, maana hapa ndipo fedha za waamini huweza kupotea. Kwenye maboksi ya redio za mkononi zinazouzwa madukani huandikwa umbali wa kushangaza. Msiuamini. Mawimbi ya redio hizi husafiri karibu na mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Redio mbili zilizoshikwa kimo cha meta moja na nusu, mahali pa wazi kabisa kama juu ya ziwa lililotulia, zinaweza kuonana kwa takribani kilometa 10. Ukiingia kati ya mawe na vilima vyetu, umbali huo waweza kushuka hadi kilometa mbili au tatu. Kinachobadilisha hesabu ni kimo cha antena. Antena ya nyumbani ikiwa juu ya mlingoti wa meta 10, na ya gari ikiwa juu ya paa, kimo cha meta mbili, masafa ya wazi hufika kilometa 19 hivi. Wanunuzi wetu wengi hutazama kwanza wati za redio: tano kwa ya mkononi, 25 hadi 50 kwa ya gari. Wati husaidia, lakini mlingoti mrefu husaidia zaidi, na mlingoti hauna mng'aro wa kuonyesha watu.

Kutoka Bunda mpaka Musoma ni zaidi ya kilometa 60 kwa barabara. Redio za aina hii hazitafika huko zenyewe. Zitahitaji kituo juu ya kilima kinachopokea sauti na kuirusha upya, ambacho mafundi hukiita ripita, nacho kinataka umeme wake, ulinzi wake na kibali chake. Njia nyingine ni redio za masafa mafupi, zile za misheni za zamani, ambazo mawimbi yake hupanda hadi tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya kilometa mbele. Hizo hazihitaji kilima wala mnara. Zinahitaji waya mrefu wa antena na mtu anayejua kwamba masafa yanayofaa mchana siyo yanayofaa usiku. Kwa parokia yetu tunaona tuanze na duara dogo la zahanati, vigango na gari. Mwenye ndoto ya kuongea na Musoma mjini akiwa Butiama atumie simu.

Kuna mambo machache ya ufundi tusiyoweza kuyaruka. Redio isibonyezwe kabla antena haijaunganishwa, kwani nguvu ikikosa pa kutokea hurudi na kuunguza sehemu ya kurushia. Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri ukiwa na fyuzi yake karibu na betri. Na kwa kuwa ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi, mlingoti uwe na waya mzito wa kwenda ardhini, na dhoruba ikikaribia antena ichomolewe. Kwa madereva: anayeongea awe abiria. Dereva aliye peke yake asimamishe gari kwanza, na katekista wa pikipiki kadhalika.

Lipo suala la sheria, nalo linatusikitisha kwa namna linavyochukuliwa. Mjumbe mmoja alisema redio za mkononi zinauzwa wazi, basi tununue tu, nani atajua? Masafa ya redio ni mali ya umma kama maji ya kisima cha kijiji. Yanasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na matumizi yake yanaongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Anayetaka kuyatumia huomba leseni na kupangiwa masafa yake. Redio ya bei nafuu isiyopangwa inaweza kuangukia kwenye chaneli ya polisi, ya hifadhi au ya shirika lingine, na maneno yetu ya kuulizana nani ana ufunguo wa sakristia yakaziba wito wa mtu anayekufa. Hiyo ni dhambi dhidi ya jirani, hata kama hakuna askari aliyeiona. Wapo pia waliotushauri tuchukue leseni ya redio ya ridhaa, ile ambayo alama zake hapa Tanzania huanza na 5H. Leseni hiyo ni ya kujifunza na kufanya majaribio, kwa mtu binafsi anayependa ufundi wenyewe. Tunawatia moyo vijana wa VIWAWA wenye kipaji waitafute, lakini si njia ya kuendeshea shughuli za parokia.

Jambo jingine ni siri, ambayo redio haina. Yeyote mwenye chombo kinachopokea masafa hayo anasikia. Tarehe 27 Novemba 2010 Papa Benedikto XVI alilianzisha Jimbo la Bunda kwa kulimega Jimbo la Musoma na la Mwanza. Mipaka hiyo ipo kwenye ramani, mawimbi hayaijui. Basi jina la mgonjwa na ugonjwa wake visitajwe hewani. Inatosha kusema mtu wa kigango fulani anahitaji gari. Maungamo hayafanyiki kwa redio kwa hali yoyote, na anayeomba Mpako wa Wagonjwa aseme mahali tu, padre atakuja.

Tuna hofu moja zaidi ambayo haikutajwa kikaoni, labda kwa sababu iko karibu mno nasi. Mkoa wetu unaujua wizi wa mifugo na unajua kinachofuata baada ya wizi. Chombo kinachowakusanya watu 20 kwa dakika tano kuokoa mama anayejifungua kinaweza pia kuwakusanya 20 wenye mapanga wakamzingira mtu ambaye hatia yake haijathibitishwa na yeyote. Yowe lilikuwa na udhaifu huo huo. Kwa sababu hiyo tunapinga redio za parokia kugawiwa kwa vikundi vya kufuatilia mifugo, hata vinavyoongozwa na wazee wetu wa UWAKA tunaowaheshimu. Taarifa ya wizi ipelekwe polisi na serikali ya kijiji. Tunajua msimamo huu umewaudhi baadhi yenu.

Tufike sasa kwenye lile sharti. Katika mjadala wote tuliousikia, kila aliyesimama alizungumzia redio ya gari. Nani afungiwe, antena iwe ndefu kiasi gani, je, gari la mwenyekiti lihesabiwe kuwa gari la huduma? Hakuna aliyeuliza kuhusu redio ya nyumbani. Na hiyo ndiyo redio tunayoihitaji kuliko zote. Gari lenye redio, huku nyumbani hakuna anayesikiliza, ni sawa na mtu anayepiga yowe nyikani. Kwa upande wa betri kusikiliza hakugharimu kitu: redio ya wati 50 hula ampia kumi au zaidi wakati wa kusema, lakini wakati wa kusikiliza hula kama nusu ampia, hivyo usiku mzima wa saa 12 ni ampia-saa sita tu kutoka katika betri ya 100. Gharama iko kwa mtu. Ni usingizi wake, ni mkewe au mumewe anayebaki peke yake, ni usiku 29 ambao hakuna lolote linalotokea na usiku wa 30 ambao linatokea.

Samweli mtoto alilala hekaluni karibu na sanduku la agano, akaitwa mara tatu kabla mzee Eli hajatambua kinachotokea. Tumezoea kumsifu kwa kuitika. Tusisahau kwamba alikuwa amelala mahali ambapo sauti ingeweza kumfikia.

Kwa hiyo tunapendekeza mlolongo ugeuzwe. Kwanza iandikwe zamu ya wasikilizaji. Pili isimamishwe antena ya nyumba na ya zahanati, na ombi la leseni lipelekwe TCRA. Tatu zipangwe saa maalumu za kuitana, kama zile za misheni za zamani: saa moja asubuhi na saa mbili usiku kila kigango kijibu, na kisichojibu kitafutwe kwa simu au kwa pikipiki. Magari yafuate baada ya zamu hiyo kushikwa kwa miezi mitatu bila pengo. Zamu ikishindikana, fedha zirudishwe kwenye paa la kigango, na hatutamlaumu mtu.

Zahanati itasikilizwa na mhudumu wa zamu kama kawaida yake. Nyumba ya mapadre inahitaji watu 14, wawili kwa kila usiku wa juma, kuanzia saa mbili usiku hadi saa 12 alfajiri. Chai na blanketi vipo. Hadi tunapoandika haya, orodha ya wanaotaka kufungiwa redio magarini imejaa ukurasa na kuvuka upande wa pili. Orodha ya zamu za usiku ina majina matatu, mawili kati yake ni ya wajane wa WAWATA. Zote mbili ziko kwa katibu wa parokia, na zitafungwa Jumapili baada ya Misa ya pili.